Ua la Ukumbi

6 Februari

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na koo lako pia. Mama aliniambia kwamba daktari amekukataza kuongea nje ya kazi kwa miezi sita, na kwamba mkaza mjomba ameipokea habari hiyo kwa utulivu mkubwa. Mpe salamu zangu. Mimi mzima. Bado nimepanga chumba kilekile juu ya duka la cherehani, na bado fundi wa chini hujaribu mashine zake saa kumi na mbili asubuhi, zote kwa pamoja.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni koo lako. Ya pili ni kwamba kwenye simu hujawahi kunipa zamu.

Nimepata kazi mpya. Tamasha la muziki la siku tatu, lile linalofanyika kila Mei kwenye uwanja wa michezo, limeniajiri niwe mratibu wa usalama wa wageni. Mwaka jana wasichana wengi walilalamika: kushikwashikwa kwenye msongamano, kuvutwa wacheze na watu wasiowajua, kufuatwa mpaka getini. Wafadhili wakasikia, kamati ikaogopa, mimi nikapewa meza kando ya mashine ya fotokopi. Kazi yangu ni kuwafanya watu elfu sita waulizane kabla ya kugusana. Mwenyekiti anataka utaratibu huo utoshe ukurasa mmoja, na uwe na picha.

Umekuwa mshereheshaji kwa miaka ishirini na mbili. Watu wamesahau jina lako, wanakuita Spika. Hakuna anayejua kuinua watu vitini kama wewe. Basi nieleze: unajuaje kama mtu anataka kuinuka?

Habari ya pili unaijua. Mdogo wangu anaolewa Septemba, na wewe ndiye utakayeshika kipaza sauti. Nina ombi moja tu. Usicheze Ua la Ukumbi. Najua mchezo huo ndio uliokupa jina: unachagua mwanamke mmoja kati ya wageni kwa rangi ya gauni lake, unamsimamisha katikati, wanaume wanapanga foleni kucheza naye mmojammoja, na ukumbi unahesabu mpaka kumi kwa kila mmoja. Ukiucheza, Mjomba, mimi sitakuwapo. Nitamwambia mdogo wangu nimebanwa na kazi. Ataninunia mpaka uzeeni, lakini sitakuwapo.

Mpwa wako


27 Februari

Kwa Bi Maswali, mpwa wangu mpenzi,

Marahaba. Barua yako ilifika mapema, ila mkaza mjomba wako aliitumia kushikia ukurasa kwenye kitabu chake, nikaipata alipomaliza sura. Hapa wote wazima. Ameninunulia kijitabu, nikitaka chai naandika chai. Anasema tangu tuoane hajawahi kunielewa vizuri hivi. Mama yako alipita Jumapili kuonyesha kitambaa cha sare, akakaa saa tatu akiongea peke yake, akaondoka akisema tumezungumza sana.

Hongera kwa kazi. Sikujua kama siku hizi kuna mshahara wa kuwazuia watu kucheza.

Umeniuliza swali la kitaalamu, nami nitakupa siri ya kitaalamu. Hakuna mtu anayetaka kuinuka. Watu huja harusini viatu vinawabana, wanakaa kama wanasubiri kuitwa kwa daktari, na wote rohoni wanaomba walazimishwe. Mwanamke akisema "hapana, mimi siwezi," huyo ndiye mchezaji wako bora. Akificha uso kwa mkoba, ndiye kabisa. Ni adabu tu. Hata sahani ya pili ya chakula mtu huikataa kwanza.

Na usije ukadhani siulizi. Mimi nauliza kuliko mtu yeyote unayemjua. Nasema kwenye kipaza sauti, "Dada mwenye gauni la bluu, upo tayari?" Kisha naugeukia ukumbi: "Yupo tayari?" Watu mia nne wanaitikia: "Yupo!" Nitajie ofisi inayoweza kukusanya idhini mia nne kwa sekunde tatu. Nyie huko mna ukurasa mmoja wenye picha.

Miaka ishirini na mbili, harusi mia saba na ushee, na mpaka leo hajatokea mwanamke wa kunilalamikia. Hata mmoja.

Kuhusu Septemba, mpwa wangu, usinivue nguo mbele za watu. Ua limo kwenye kadi yangu ya kazi, mstari wa kwanza, juu ya namba ya simu. Spika akimwoza mtoto wa dada yake bila Ua, mji mzima utasema ameishiwa. Njoo, kaa meza ya mbele, ucheke kama zamani. Ulikuwa mcheshi sana wewe kabla ya kusoma.

Mjomba wako


2 Aprili

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Samahani kwa kukawia. Mwenye nyumba alipaka ngazi rangi bila kutuambia, kwa hiyo nilikwama chumbani siku nzima, na viatu vyangu vyote sasa vina soli za kijivu. Vinginevyo mimi mzima. Nimefurahi kusikia kijitabu kinafanya kazi. Mwambie mkaza mjomba asiruhusu kiishe.

Jana kamati ilikaa saa nne kujadili bango moja. Mimi nilikuwa nimeandika: "Uliza kwanza. Asiposema ndiyo, ni hapana." Mweka hazina akasema maneno hayo ni makali, wageni watahisi wameletwa mahakamani. Mwenyekiti akapendekeza "Tufurahi kwa kiasi." Kijana wa matangazo akasema neno hapana halitoki vizuri kwenye picha, akaomba tuchore ua badala yake. Nilicheka mpaka wakaniletea maji, na hakuna aliyejua nacheka nini.

Muda wote huo mkono wa Mwenyekiti ulikuwa umepumzika begani kwa mhazili wake. Kila mhazili alipoinama kuandika, mkono ulisogea naye. Niliuingiza kwenye kumbukumbu za kikao, kwenye orodha ya waliohudhuria. Sijapata jibu.

Hata hivyo wamekubali tuweke hema. Yeyote atakayeguswa bila ridhaa yake ataingia humo, atamkuta muuguzi, kiti, na maji ya kunywa. Nililipigania hema hilo wiki tatu, naona fahari.

Sasa kuhusu idhini zako mia nne. Mjomba, gauni la bluu lilikuwa na mtu mmoja ndani. Waliojibu ni wale ambao hawatashikwa. Na unasema hajatokea wa kukulalamikia. Angekulalamikia wapi? Kipaza sauti unacho wewe.

Halafu hiyo zamani unayoisema, mimi sikuwa nacheka. Nakuomba usiandike tena kwamba nilikuwa nacheka. Sitaki kulieleza hilo leo.

Msimamo wangu wa Septemba ni uleule. Mdogo wangu bado sijamwambia kitu.

Mpwa wako


18 Mei

Bi Maswali,

Marahaba. Koo linaendelea vizuri. Daktari ameniongezea miezi miwili ya kimya, na mkaza mjomba wako amempelekea mayai. Mama yako amegombana na mshonaji kuhusu mikono ya gauni, wamepatana, wamegombana tena kuhusu shingo.

Kwa kuwa umenifanya nionekane mtu wa kale, nikaamua kukuonyesha. Wiki mbili zilizopita nilikuwa na harusi ya mtoto wa fundi bomba. Nikanunua mabunda mawili ya utepe, la kijani na jekundu. Nikasimama mlangoni mwenyewe. Kila mwanamke anayeingia naandika kwenye kijitabu na kumwonyesha: kijani, unaweza kuitwa kucheza; mwekundu, uachwe kwa amani. Achague, afunge mkononi. Mpwa wangu akisikia, nikajisemea, atalia machozi ya furaha.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni kwamba sare ya harusi hiyo ilikuwa nyekundu. Shangazi wa bibi harusi akautazama utepe wa kijani kama nimempa mjusi. Akafunga mwekundu. Nyuma yake wote wakafunga mwekundu, kwa ajili ya kupatana na nguo. Ukumbi mzima ukawa "niache kwa amani." Mwenye kijani alikuwa bibi mmoja tu asiyeona vizuri, na yeye alikuwa amelala. Kwa saa mbili sikuwa na mtu wa kumwita. Nikasoma kadi za salamu. Nikazisoma tena.

Cha ajabu, ilipofika saa ya muziki wakaenda wenyewe. Wanawake wale wale wenye utepe mwekundu walijaa katikati, wakacheza wao kwa wao, na wanaume waliotaka kuingia walikuwa wanasimama pembeni wanaomba kwa ishara kama wavuka barabara. Sijui niliite nini jambo hilo. Kazi yangu haikuwepo.

Kuna lingine la kukuchekesha. Wakati wa kuondoka binti mmoja, karani kwenye duka la vifaa vya ujenzi, alinifuata akaniuliza kama anaweza kubaki na utepe wake. Nikaandika: wa nini? Akasema, "Nataka kwenda nao kazini Jumatatu." Tulicheka sana mimi na mpiga video.

Kwa hiyo nimejaribu mambo yako, hayafai. Septemba tunarudi kwenye Ua. Usisusie harusi ya mdogo wako kwa ajili ya mchezo wa dakika kumi.

Mjomba wako


9 Juni

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imenifikia siku nabandua mabango. Hapa tumechoka lakini wazima. Fundi wa chini amepata mashine mpya isiyopiga kelele, na sasa nachelewa kazini.

Tamasha limekwisha. Siku tatu, watu elfu sita, na idadi ya walioingia kwenye hema langu ni sifuri. Mwenyekiti alisimama jukwaani akatangaza kwamba hakukuwa na tukio hata moja, watu wakapiga makofi, akanivisha shada shingoni. Alinikumbatia bila kuniuliza. Nilikuwa na bango langu mkononi.

Mjomba, unajua hema langu liliandikwa nini? Kijana wa matangazo alifanya kazi safi: herufi nyeupe, ndefu kama mtu, "MSAADA KWA WALIODHALILISHWA." Tena lilikuwa kando ya lango kuu, mkabala na foleni ya vinywaji, taa mbili zikilimulika. Nani angeingia humo? Ningekuwa mimi nisingeingia. Nililipitisha mwenyewe, kwa saini yangu. Mimi niliyekucheka wewe na watu wako mia nne.

Jumapili jioni nikaenda kunawa. Mama anayesafisha vyoo alikitazama kitambulisho changu, akasema, "Wewe ndiye wa lile hema? Wangu walikuwa kumi na wanne." Sikumwelewa. Akaniambia wasichana kumi na wanne walikuja kwake kwa siku tatu. Wengine waliomba sindano ya kushonea kifungo. Mmoja alikaa juu ya ndoo yake dakika arobaini. Yeye hakuwauliza kitu. Alifunga mlango mmoja akaandika "kibovu," akawa anawaweka humo mpaka watulie. Kwenye ripoti yangu nimeandika kumi na wanne. Mwenyekiti amenirudishia nirekebishe.

Nilimsikiliza mpaka mwisho, kwa sababu mimi pia niliwahi kukaa chooni. Nitakuandikia sasa, maana nikikaa nalo tena sitaliandika kamwe.

Ni harusi ya mama mdogo, miaka kumi na moja iliyopita. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Gauni la njano, alilinunua mama. Uliita, "Binti wa njano!" Nikasema siwezi. Nikaficha uso kwa mkoba. Ukaja ukanishika mkono. Wanaume wawili wa kwanza walicheza mbali na mimi, vizuri tu. Wa tatu alikuwa rafiki wa bwana harusi, mwenye suti ya kijivu. Alinibana kifuani kwake, mkono akaushusha akaniminya, na ukumbi ulikuwa unahesabu. Nilimwambia aniache. Alicheka, akanionyesha watu kwa kidevu. Nilikuwa nasubiri kumi, Mjomba. Nilijua ikifika kumi itaisha. Ilipofika kumi ulisema, "Huyu amependeza naye, ongezeni kumi!" Na mama alikuwa anahesabu.

Nilikaa chooni mpaka keki ikakatwa. Ulipita mlangoni ukagonga, ukasema kwa furaha, "Ua letu limenyauka?" Nikasema natoka.

Sikuchukii. Ningekuchukia ingekuwa rahisi, maana wewe ndiye uliyenifundisha kuendesha baiskeli. Lakini nilikasirika miaka kumi na moja na wewe ukadhani nimesoma sana.

Mpwa wako


20 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Wiki sita sasa. Mkaza mjomba ameniambia barua uliipata, ukaisoma jikoni ukiwa umesimama. Anasema kijitabu hukiandikii hata chai, unaichemsha mwenyewe. Kama hutaki kujibu, niambie hutaki.

Mpwa wako


11 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba. Mkaza mjomba wako mzima, mama yako mzima. Mimi sijui.

Nilikuandikia majibu matatu nikayachana. La kwanza lilieleza kwamba zamani mambo yalikuwa hivyo. La pili lilisema ungeniambia palepale, nami ningemtoa yule bwana nje kwa masikio. Lilikuwa zuri hilo, mpaka nikakumbuka uliniuliza mtu angenilalamikia wapi. La tatu lilikuwa na kurasa tano na nilikuwa nasikitika sana ndani yake, mimi, mimi, mimi, kila mstari.

Halafu nikaona nitafute ushahidi. Nakwambia kweli, nia yangu ilikuwa mbaya. Nilijua ulikuwa unacheka, nilikuwa naona meno yako kabisa kichwani, nikasema nitamtumia mkanda ajionee. Mpiga video wangu ni yuleyule wa zamani, na hatupi kitu. Aliupata kwenye sanduku la chini. Tukakaa dukani kwake asubuhi, mlango wazi, wateja wa picha za pasipoti wakisubiri.

Meno yanaonekana. Nikamwandikia: unaona? Akasimamisha picha. Tukaitazama. Mpwa wangu, mtu anayecheka hafanyi hivyo na shingo.

Akaiendeleza. Mdomo wako unasema neno lilelile, niache. Nimehesabu, kwa kuwa kuhesabu ndiyo kazi yangu: mara sita. Sauti yako haimo. Enzi hizo alikuwa anachukua sauti moja kwa moja kutoka kwenye kipaza sauti changu, kwa hiyo wewe unasema na mimi ndiye ninayesikika. Nasikika vizuri sana. Nina sauti nzuri, watu hawakosei. Yule bwana anafanya aliyoyafanya, yanaonekana, nami nimesimama hatua tatu kutoka hapo, uso umewaelekea ninyi, naongeza kumi. Sikuwa nimegeukia upande mwingine. Nilikuwa natazama na sikuona kitu.

Nimekukosea. Nisamehe ukiweza, na usipoweza pia nitakuwa nimekukosea vilevile. Nilirudi nyumbani nikafuta Ua kwenye kadi zangu kwa kalamu, moja baada ya nyingine, mia mbili. Zimekuwa mbaya sana, lakini nazigawa. Nimewaza harusi mia saba na ushee. Siwajui hata majina, najua rangi za magauni tu.

Sasa nauliza. Sijawahi kuuliza hivi, kwa hiyo nivumilie. Ua halitachezwa Septemba, hilo si swali. Swali ni hili: nishike kipaza sauti kwenye harusi ya mdogo wako, au nisishike? Ninataka sana kukishika. Ningekuwa mwongo nikilificha hilo. Nilimwuliza bibi harusi akasema, "Muulize dada." Mama yako hajui kama nimekuandikia na sitamtuma akushawishi. Hakuna anayehesabu. Usiponijibu, nitajua ni hapana, na sitakuuliza kwa nini.

Mjomba wako


24 Agosti

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara nyingi. Huku wote wazima. Mhazili wa Mwenyekiti amehamishia meza yake kwangu, kando ya fotokopi, hajaeleza na sijamwuliza. Ripoti imekwenda kwa wafadhili na kumi na wanne wangu wote. Mwakani mama wa vyoo ataajiriwa kwa kazi hiyo, kwa jina lolote atakalolitaka yeye, bila bango.

Nililia, kisha nikasamehe, kisha nikakasirika tena kidogo kuhusu baiskeli. Nadhani ndivyo itakavyokuwa kwa muda.

Jibu langu ni hapana, Mjomba.

Si adhabu. Nataka nikae kwenye harusi moja ya nyumbani nile, nisikie sauti yako imekaa mezani kama ya watu wengine, isitoke juu ya kichwa changu. Labda siku nyingine nitasema ndiyo. Sijui, na sitaki kuahidi ili nikupunguzie. Mdogo wangu anasema mwalimu wake wa zamani wa chekechea yuko tayari kusherehesha. Ana sauti ndogo na amezoea kuomba watu wanyooshe mikono kabla.

Nimeshakata tiketi. Nitakuja.

Mpwa wako


2 Septemba

Mpwa wangu,

Marahaba. Sawa.

Nimeomba tukae meza moja, kama nawe unapenda. Sijui watu waliokaa huwa wanafanya nini na mikono yao wakati wote huo. Utanionyesha.

Mjomba wako